Je, Wajua? Mbwa Mkubwa Anayekimbia Mwavuli

Getini pameandikwa MBWA KALI kwa rangi nyekundu, na mbwa mwenyewe yupo kweli: kilo 50, meno yote kinywani, sauti ya kumrudisha mpita njia upande wa pili wa barabara. Ila kwa sasa hayupo zamu. Amejibanza nyuma ya kochi kwa sababu jikoni wamewasha blenda. Leo safu hii ni ya mabaunsa wa namna hiyo.

Je, wajua kwamba mbwa dume aliyekuwa mrefu kuliko madume wote waliokuwa hai alikuwa anakimbia kifyonza vumbi? Mwaka 2024 Guinness World Records ilimtambua Kevin, Great Dane wa mji wa West Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani. Kutoka sakafuni hadi begani alikuwa na sentimita 97. Kifyonza vumbi cha kwao kilikuwa na kimo cha sentimita 15 hivi. Wamiliki wake walisimulia kwamba kikimkaribia chini ya mita moja na nusu, Kevin alikuwa akiruka na kutoroka. Jina lake alipewa kutokana na yule mtoto wa sinema ya Home Alone anayewatimua wezi peke yake. Alikufa Juni mwaka huohuo akiwa na miaka mitatu, muda mfupi tu baada ya rekodi yake kutangazwa.

Je, wajua kwamba mababu wa Kevin walikuwa wawindaji? Great Dane walikuzwa Ujerumani kwa ajili ya kukabiliana na nguruwe mwitu, mnyama anayeweza kumpasua mtu paja kwa pembe za mdomoni. Porini waliweza. Sebule ndiyo iliyowashinda.

Je, wajua kwamba Scooby-Doo, mbwa mwoga wa katuni aliyeanza kuonekana kwenye televisheni ya Marekani Septemba 1969, naye ni Great Dane? Mchoraji wake, Iwao Takamoto, alimuuliza kwanza mfanyakazi mwenzake aliyekuwa akizalisha mbwa hao: Great Dane bora anakuwaje? Akaambiwa mgongo ulionyooka, miguu iliyonyooka, kidevu kidogo. Takamoto akaenda kuchora kinyume cha yote hayo. Woga, nadhani, hakuhitaji kuubuni.

Je, wajua kwamba kwa wastani mbwa wafupi ndio wenye vituko zaidi? Mwaka 2013 kundi la watafiti lililoongozwa na Paul McGreevy wa Chuo Kikuu cha Sydney lilichapisha taarifa za mbwa 8,301 wa aina 80, na ikaonekana kwamba kimo kinavyopungua ndivyo tabia zinazowasumbua wenye mbwa zinavyoongezeka. Basi mbona wanaochekwa ni wakubwa? Mdogo akiogopa hubebwa mikononi, mambo yakaisha. Great Dane hana wa kumbeba, na chini ya meza haenei.

Je, wajua kwamba ukubwa wa mwili hausaidii kitu masikioni? Mwingereza Francis Galton, katika kitabu chake cha mwaka 1883, alieleza jinsi alivyotembea kwenye bustani ya wanyama akiwa na filimbi ndogo iliyofichwa kwenye mkongojo, akiwapulizia wanyama sauti nyembamba ajabu ili aone nani atageuza sikio. Alidai kwamba mbwa wadogo husikia sauti hizo na wakubwa hawazisikii. Ilichukua miaka 100 kamili kumsahihisha. Mwaka 1983 Mmarekani Henry Heffner aliwapima mbwa wa maumbo mbalimbali, kuanzia Chihuahua hadi Saint Bernard, akakuta wote wanafika karibu palepale: mitetemo 45,000 hivi kwa sekunde. Sisi binadamu, tena tukiwa vijana, tunaishia 20,000. Kwa hiyo mashine inayovuma kwa upole masikioni mwako inaweza kuwa inapiga ukelele ambao wewe huujui kabisa.

Je, wajua kwamba sauti ndogo ya kukatakata humtesa mbwa kuliko ngurumo ndefu? Hili linastahili maelezo. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakiongozwa na Emma Grigg, waliwahoji watu 386 wanaofuga mbwa, kisha wakachambua video 62 za mtandaoni zenye mbwa na kelele za nyumbani. Walikuta kwamba mlio mwembamba unaokuja na kukatika, mfano ule wa king'ora cha moshi kinapoishiwa betri, huwatia mbwa wasiwasi zaidi kuliko sauti nzito inayoendelea. Ngurumo ya kifyonza vumbi angalau ina mwanzo na mwisho. Ule mlio hulia mara moja, hunyamaza, na hakuna ajuaye utarudi lini. Nyumba zetu nyingi hazina king'ora cha moshi, lakini mita ya umeme inayolia kwamba salio linakwisha ni ya ukoo huohuo. Kununua umeme mapema, kumbe, ni huruma kwa mifugo.

Katika video zilezile, watu wengi walioonekana walikuwa wanacheka. Mbwa anajilamba midomo bila chakula, anapiga miayo bila usingizi, anageuza kichwa pembeni huku weupe wa jicho ukionekana, anahema na hali hewa ni ya baridi; zote hizo ni dalili za hofu, na mwenye simu anaendelea kurekodi. Watafiti walisema wazi kwamba wafugaji wengi hawatambui kiasi cha hofu ya mbwa wao.

Je, wajua kwamba Finland walihesabu? Chuo Kikuu cha Helsinki kilikusanya taarifa za mbwa zaidi ya 13,700 na kuzichapisha mwaka 2020. Tatizo lililoongoza lilikuwa hofu ya kelele: asilimia 32. Asilimia 23.5 walikuwa wale wanaoogopa mahali pa kukanyaga au mahali pa juu. Ndiyo, sakafu. Taili zinazong'aa hazishikiki kwa kucha, na mbwa wa kilo 50 akiteleza mara moja tu mbele ya mlango wa jikoni, mlango huo ataukumbuka.

Je, wajua kwamba Charles Darwin aliandika habari za mbwa wake na mwavuli? Ziko ndani ya The Descent of Man, kitabu cha mwaka 1871. Mbwa huyo, mkubwa wa umri na mwenye akili zake, alikuwa amelala kwenye majani siku ya joto isiyo na upepo. Mbali kidogo palikuwa na mwavuli wa jua uliofunguliwa. Kila kijiupepo kilipopita na kuutikisa, mbwa alinguruma na kubweka kwa ukali. Darwin aliona kwamba kama pangekuwa na mtu karibu na mwavuli ule, mbwa asingejishughulisha. Kilichomkera ni mwendo usio na mwendeshaji: lazima kuna kiumbe kigeni hapa, nacho hakijaomba ruhusa.

George Romanes, mwanasayansi aliyekuwa karibu na Darwin, aliona hilo halitoshi, akafanya jaribio. Alikuwa na mbwa mdogo wa aina ya Skye terrier aliyependa kurusha mifupa mikavu na kuikimbilia. Siku moja Romanes alifunga uzi mwembamba kwenye mfupa, akasubiri mbwa aurushe, kisha akaanza kuuvuta polepole. Mbwa akausogelea, mfupa ukasogea. Akausogelea tena, ukasogea tena. Mshangao ukageuka hofu, mbwa akaenda kujificha chini ya samani. Taarifa hiyo ilitoka kwenye jarida la Nature mwaka 1877. Romanes alijaribu pia mapovu ya sabuni: mbwa alipogusa moja kwa mguu likapasuka na kutoweka, hakutaka tena habari zake.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kiini cha hadithi zote hizi, na ukubwa wa mbwa haumo. Katika hesabu ya mbwa, kinachotembea kina miguu, kinachonguruma kina koo, na chenye koo kina harufu ya mnyama. Kifyonza vumbi kinatembea, kinanguruma, na kinanuka plastiki. Mwavuli ulikuwa fimbo, ghafla, paa! umekuwa ukuta. Povu lilikuwepo, sasa halipo. Mbwa anayekataa kupita hapo hajapungukiwa na akili, anazitumia.

Na kama mashine za kusafisha zimewatisha mbwa, zilianza na farasi. Kifyonza vumbi cha Hubert Cecil Booth, London, 1901, kilikuwa kikubwa hata kikawa kinakokotwa na farasi na kuegeshwa barabarani, mipira yake ikiingizwa ndani ya nyumba kwa madirishani. Kelele zake ziliwashtua farasi wa wapita njia, Booth akafikishwa mahakamani.

Je, wajua kwamba nguo kwenye kamba ziliwahi kuwa silaha? Wawindaji wa Poland na Urusi walikuwa wakizungushia msitu kamba ndefu yenye vitambaa vinavyoning'inia, kisha wakawasukuma humo mbwa mwitu wa Ulaya, ndugu wa karibu kabisa wa mbwa wa nyumbani. Mnyama anayeangusha kulungu mkubwa alifika kwenye kitambaa kinachopepea akageuka nyuma, moja kwa moja kwenye bunduki. Siku hizi wafugaji wa Marekani na Kanada hutumia mbinu hiyo kulinda ng'ombe. Majaribio ya Kanada yaliwazuia mbwa mwitu kwa muda wa hadi siku 60; wakishazoea, wanapita. Mbwa wako anayekwepa kamba ya nguo uani ameirithi tahadhari hiyo.

Je, wajua kwamba mwavuli ni mtihani rasmi? Chama cha Marekani cha kupima hulka za mbwa, kilichoanzishwa mwaka 1977, humpitisha mbwa mbele ya mtu aliyekaa, na mtu huyo hufungua mwavuli ghafla. Mbwa pia hukutana na ndoo yenye mawe inayotikiswa mahali asipopaona, na hutakiwa kutembea juu ya karatasi ya plastiki. Kushtuka si kosa; kinachoangaliwa ni kama atatulia na kurudi kunusa.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Ivan Pavlov alilishuhudia hilo maabara. Septemba 23, 1924, mafuriko yaliingia Leningrad na mabanda ya mbwa wake yakajaa maji. Wahudumu waliwatoa kwa kuwaogelesha. Baadhi ya mbwa walisahau kabisa mafunzo yao. Wiki kadhaa baadaye, mmoja wao aliporudia hali yake, Pavlov aliruhusu maji kidogo tu yapite chini ya mlango wa chumba. Mbwa akapoteza utulivu upya. Kwa hiyo ukimuona mbwa wa kuokota anayetetemeka mbele ya ufagio, usiulize ufagio umefanya nini. Uliza aliushika nani.

Je, wajua kwamba ujasiri wa mbwa una dirisha, nalo hufungwa mapema? Mwaka 1961 Freedman, King na Elliot walilea watoto wa mbwa ndani ya viwanja vilivyozungushiwa uzio mrefu bila kushikwa na watu. Waliotolewa humo mapema walizoea watu. Waliokaa hadi wiki ya 14 walikuwa wanyama wa porini. Ndiyo sababu waganga wa mifugo husisitiza kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi mtoto wa mbwa aonyeshwe watu, sauti, sakafu na vyombo. Hapa kwetu mbwa wengi wa ulinzi hukulia bandani: mchana wamefungwa, usiku wamefunguliwa, ndani ya nyumba hawajawahi kuingia. Ukimkaribisha sebuleni akiwa na miaka minne, feni ya darini kwake ni jambo la kutisha.

Je, wajua kwamba hofu inayoanza ukubwani inaweza kuwa maumivu? Watafiti wa Brazil na wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, waliripoti mwaka 2018 kwamba mbwa wenye maumivu ya misuli au viungo walianza kuogopa kelele wakiwa na umri mkubwa zaidi, kwa karibu miaka minne, kuliko wenzao wasio na maumivu. Kushtuka hukaza mwili, mwili ukikazwa unauma, na mbwa analaumu sauti. Aina kubwa, zinazosumbuliwa sana na nyonga, ndizo za kuangaliwa hapa. Mbwa wa miaka sita aliyeanza jana kuogopa mashine ya kufulia apelekwe kwa daktari.

Na hili la mwisho. Kumbembeleza mbwa mwenye hofu hakumharibu; hofu si ujanja wa kutafuta zawadi. Stefanie Riemer wa Bern, Uswisi, aliwahoji wafugaji 1,225 kuhusu mbwa wanaoogopa fataki, na zaidi ya asilimia 70 ya waliokuwa wakiwapa chakula au mchezo mara tu baada ya mlipuko walisema hofu ilipungua. Fanya vivyo hivyo nyumbani. Kiweke kifyonza vumbi katikati ya chumba kikiwa kimezimwa na vipande vya nyama pembeni yake. Siku nyingine kisogeze bila kukiwasha. Siku nyingine kiwashe kikiwa chumba cha mbali. Usimburute mbwa kwa mkufu akakinuse kwa lazima, usimfukuze nacho ili upate video, na kama kuna betri inayolia darini, panda ngazi leo uibadilishe.