Fidia ya Bwana DC na deni la Kericho

Kabla ya Bomet kuwa wilaya mwaka 1992, mtu wa Mulot aliyekuwa na shauri na serikali alilipeleka Kericho. Huko ndiko alikokaa mkuu wa wilaya, yaani DC, ndiko yalikotunzwa madaftari ya kodi, na ndiko kijana aliyemaliza shule alikokwenda kutafuta kazi ya ukarani. Enzi za ukoloni watumishi wa ofisi kama hiyo waligonga mihuri ileile ya serikali ileile, lakini mwisho wa mwezi hawakulipwa kwa kipimo kimoja.

Tofauti hiyo haikuwa siri. Iliandikwa na kuchapishwa. Mwaka 1948 tume iliyoongozwa na Sir Maurice Holmes ilitoa ripoti juu ya watumishi wa serikali za Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Ilipendekeza kwamba mtumishi Mwafrika au Mwasia anayeshika nafasi ya Mzungu, akiwa na sifa sawa na Mzungu, alipwe tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu. Hoja ya tume ilikuwa kwamba mtu asiye Mzungu, hata akiwa na cheti kilekile, kwa kawaida hatoi kazi yenye thamani ileile.

Tuchukue mfano wa nafasi ambayo Mzungu angelipwa shilingi 500 kwa mwezi. Mwafrika akiikalia atapata 300. Shilingi 200 zinabaki serikalini kila mwezi, 2,400 kwa mwaka, 24,000 kwa miaka kumi. Na kwa kuwa pensheni hukokotolewa kutokana na mshahara, pengo hilo linamfuata mpaka uzeeni, ikiwa amebahatika kupata kazi yenye pensheni. Ada ya shule, mabati ya nyumba, ng'ombe wa mahari ya mtoto, vyote vinatolewa ndani ya tatu kwa tano.

Wapo waliokataa. Mbiyu Koinange, aliyerudi kutoka Marekani mwaka 1938 na shahada ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Columbia, alipewa kazi serikalini kwa mshahara ulio chini ya ule wa Mzungu mwenye elimu kama yake. Akaiacha, na mwaka uliofuata akafungua chuo cha walimu Githunguri. Tom Mboya aliajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi mwaka 1951 kama mkaguzi wa afya, akakuta kwamba yeye na wenzake Waafrika wanapata sehemu ndogo tu ya mshahara wa mkaguzi Mzungu. Aliingia katika chama cha wafanyakazi, na baada ya muda mfupi kazi ya ukaguzi ikabaki nyuma yake. Wote wawili walikuwa na njia nyingine ya kuendea. Karani wa kawaida wa Kericho hakuwa nayo.

Mwaka 1954 tume nyingine, ya Sir David Lidbury, ilipendekeza kipimo cha rangi kiondolewe katika mishahara ya msingi. Badala yake wageni kutoka ng'ambo wangeongezewa posho ya kuwavutia kuja na kubaki. Pengo mfukoni halikuzibika, ila sasa liliitwa jina lingine. Mageuzi hayo yalitazama mbele, na miaka ya tatu kwa tano ikaachwa nyuma kama ilivyokuwa.

Kisha uhuru ukabisha hodi, na maofisa wa Kiingereza nao wakawa na malalamiko. Wengi wao hawakuwa matajiri. DC au ofisa wa kilimo mwenye umri wa miaka 40, mke na watoto shuleni Uingereza, alikuwa ameingia utumishi akiamini atastaafu akiwa na miaka 55. Sasa aliambiwa bosi wake atakuwa waziri Mwafrika na kwamba kiti chake kitahitajiwa na mwenyeji. Akirudi kwao, nani angemwajiri mtu ambaye ujuzi wake ni kusikiliza kesi za mipaka ya mashamba na kukagua barabara za vumbi? Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, na siwezi kuwalaumu kwa kuidai serikali yao.

Na waliidai vizuri. Walikuwa na vyama vya wafanyakazi, walikuwa na wabunge waliowasikiliza London, na walikuwa na mifano mkononi. India ilipopata uhuru mwaka 1947, maofisa Waingereza walilipwa kwa kukatizwa kazi. Ghana na Nigeria zilifuata njia hiyo. Zamu ya Kenya ilipofika mwaka 1963, mpango ulikuwa tayari. Ofisa wa kudumu aliyeajiriwa kutoka ng'ambo aliruhusiwa kustaafu mapema kwa hiari yake, achukue pensheni aliyokwisha kuichuma, na juu yake alipwe fidia ya kupoteza kazi.

Fidia hiyo ilikokotolewa kwa jedwali. Upande mmoja uliandikwa umri wa ofisa, upande mwingine muda aliotumikia. Pale mistari miwili ilipokutana palikuwa na namba, na namba hiyo ilizidishwa kwa mshahara wake wa mwaka. Kijana wa miaka 25 alipata namba ndogo, kwa sababu angeweza kuanza maisha upya. Mzee wa miaka 53 naye alipata ndogo, kwa sababu alikuwa amebakiza kidogo kustaafu. Namba kubwa kabisa zilimwangukia mwenye umri wa miaka 40 hivi, aliyekuwa mzee mno wa kuanza upya na kijana mno wa kukaa bure. Walioliandaa walikuwa wamejiuliza kwa makini mtu anapoteza nini hasa anapokatiziwa riziki yake katikati ya safari.

Nalisifu jedwali hilo bila kusitasita. Lilimtendea mtu haki bila kumtaka atoe machozi mbele ya mahakama. Halikumwuliza kama alikuwa ofisa mzuri au mbaya, wala kama aliondolewa au aliondoka kwa kutaka. Lilimwuliza umri, miaka ya kazi na mshahara, likamwandikia hundi.

Swali ni nani aliyelipa. Uingereza ilikubali kubeba nusu ya fidia. Nusu nyingine iliangukia serikali mpya ya Kenya, ambayo ilikopeshwa na Uingereza ileile fedha za kuilipa. Mkulima wa Chepalungu na mchuma majani ya chai wa Kericho, kupitia kodi zao, wakawa wanachangia mkopo wa kumuaga ofisa aliyewatawala. Na yule karani wa tatu kwa tano hakuwamo ndani ya jedwali. Mpango ulikuwa wa maofisa waliotoka ng'ambo. Yeye alihesabiwa kuwa hakupoteza kitu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa nchini kwake.

Jirani zetu wa Tanzania walilisema jambo hili waziwazi. Mwaka 1968 serikali ya Mwalimu Nyerere ilitangaza kwamba haitaendelea kulipa pensheni za maofisa wa Kiingereza kwa miaka waliyotumikia kabla ya uhuru. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuifuata: watu hao waliajiriwa na Uingereza kutekeleza kazi ya Uingereza, basi mzigo wao ni wa Uingereza. London ilikasirika ikakata misaada. Lakini miaka miwili baadaye, mwaka 1970, Uingereza ilijitolea kubeba pensheni za utumishi wa kabla ya uhuru katika yaliyokuwa makoloni yake, na mwaka 1973 Bunge lake likapitisha Sheria ya Pensheni za Ng'ambo. Nyerere alikuwa sahihi, na aliyemthibitisha ni yule aliyemwadhibu.

Turudi kwenye milima yetu ya chai, kwa maana huko Kericho hesabu ya fidia ina mizizi mirefu kuliko 1963. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, maofisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani walipewa ekari 25,000 katika ardhi ya Wakipsigis. Walikusudia kulima kitani. Ilikuwa shukrani ya taifa lao kwa viungo walivyopoteza, lakini ililipwa kwa udongo wa watu wengine. Bei ya kitani ilianguka vibaya mwanzoni mwa miaka ya 1920 na mradi ukafa. Katikati ya muongo huo kampuni za Brooke Bond na James Finlay ziliingia Kericho, na ardhi ya kitani ikageuka ya chai. Wakipsigis hawakurudishiwa. Wengi wao walibaki kuwa maskwota juu ya ardhi ya babu zao, au walisukumwa kusini kuelekea huku kwetu Bomet.

Ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ulitendewa vibaya zaidi. Mwaka 1934 serikali ilitunga sheria maalumu ya kuwaondoa, ikawapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali penye joto, malale na malaria. Waliondolewa watu wapatao 700, wazee kwa watoto. Waliruhusiwa kurudi mwaka 1962, mwaka uleule ambao maofisa walikuwa wakihangaikia masharti ya fidia yao. Wakarudi na kukuta hawana shamba. Baadhi ya wajukuu wao wanaishi hadi leo katika vibanda vilivyobanana mjini Kericho.

Kuna jambo moja la sheria za wakati ule ambalo sharti lisomwe pamoja na jedwali la maofisa. Kuanzia mwaka 1919 hivi, mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande. Ilikuwa karatasi yenye alama za vidole vyake, ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inia shingoni kwa kamba. Iliandikwa jina la mwajiri, mshahara, siku ya kuanza kazi, na mwajiri alipaswa kuweka sahihi mtu anapoondoka. Akiondoka bila sahihi hiyo alihesabiwa mtoro, na utoro kazini ulikuwa kosa la jinai. Alitafutwa, akakamatwa, akafikishwa mbele ya DC. Kwa hiyo katika wilaya moja kuacha kazi kulimpeleka mmoja kortini, na baadaye kulimpatia mwingine hundi.

Madai ya ardhi na fidia ya watu wa Kericho na Bomet yamepita milango mingi. Serikali za kaunti zilichangia kukusanya ushahidi wa wazee, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi ikakubali mwaka 2019 kwamba dhuluma ilitendeka. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza wakieleza wasiwasi wao mkubwa. Mwaka 2022 mawakili walipeleka shauri katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mfalme Charles alipozuru Kenya mwaka 2023 alieleza huzuni na majuto juu ya maovu ya ukoloni, lakini hakuomba radhi wala hakuahidi fidia.

Jibu tunalolisikia mara kwa mara ni kwamba mambo haya ni ya zamani mno na hasara zake hazipimiki. Jibu hilo silikubali. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari ya enzi za ukoloni. Ilifanya hivyo baada ya maelfu ya faili za kikoloni kufichuliwa katika jumba la serikali la Hanslope Park. Na miaka 50 kabla ya hapo iliweza kupima hasara ya kila ofisa wake, mwaka kwa mwaka, hadi shilingi ya mwisho.

Basi jedwali lichorwe upya. Kwa familia ya Talai, miaka ianze kuhesabiwa 1934 hadi 1962, ndiyo miaka 28, na baada ya hapo kila mwaka ambao imeishi bila shamba. Kwa familia ya Kipsigis iliyoondolewa kwenye ekari zilizokuwa za kitani na sasa ni za chai, ziandikwe ekari na mwaka zilipochukuliwa. Kwa karani wa tatu kwa tano aliye hai, au watoto wake, itafutwe barua ya ajira na ngazi ya mshahara, kwa maana serikali ya kikoloni ilipenda kuandika kila kitu. Mwaka 1963 Waingereza hawakuona ugumu wa kuanza na umri wa mtu na miaka yake ya kazi. Waanzie papo hapo, wakati wazee waliozaliwa Gwassi bado wapo wa kuulizwa umri wao.