Mashine Imelipiwa, Nauli Je?

Mtu ambaye figo zake zimefeli hulala kando ya mashine takriban saa nne, damu ikitoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine. Hupimwa uzani kabla na baada, maana kilo zilizozidi ni maji ambayo mwili umeshindwa kuyatoa. Akiinuka, mara nyingi presha imeshuka na kizunguzungu kinampata. Siku hiyo jembe halishiki wala dukani haketi. Baada ya siku chache anarudi tena. Kwa mkazi wa Masinga, kule kwenye bwawa, kufika Hospitali ya Machakos Level 5 ni kuivuka karibu kaunti nzima kwa matatu, mara nyingi akiwa na mtu wa kumshika mkono.

Gharama kubwa, ile ya mashine, imepata mlipaji. Bima ya NHIF ilikuwa ikilipa shilingi 9,500 kila mgonjwa anaposafishwa damu. SHA, iliyochukua nafasi yake tarehe 1 Oktoba 2024, ikapandisha hadi 10,650. Kwa mara mbili kwa wiki, hizo ni shilingi 1,107,600 kwa mwaka. Sasa tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 1,000. Kwa safari 104 inakuwa 104,000, haifiki hata sehemu moja ya kumi ya fedha za bima. Lakini ni hiyo ndogo inayoangukia nyumba ambayo mara nyingi imeshapoteza kipato, na ikikosekana, ile milioni haimfikii mgonjwa.

Nauli hiyo ilipwe na serikali ya kaunti. Wapo watakaosema kaunti ina mahitaji mengi, na kwamba pesa ziende kwenye kupima sukari na presha, magonjwa yanayoharibu figo za watu wengi. Kinga ni muhimu kweli, na ipewe bajeti yake. Ila haimwondoi kitandani aliyekwisha kuugua. Mgonjwa akikosa kusafishwa, maji hujaa mapafuni na potasiamu hupanda hadi moyo uweze kusimama. Hapo hospitali humpokea kama dharura, kwa gharama zaidi. Hofu ya udanganyifu nayo ina dawa: kitengo cha figo kina orodha ya waliohudhuria, kwa hiyo nauli inaweza kutumwa kwa simu baada ya kila hudhurio. Nchini Marekani, Medicaid, bima ya wasiojiweza, hugharamia usafiri wa kwenda kutibiwa. Si jambo geni.

Jamaa na majirani hawajalala; harambee huitishwa na michango hutumwa kwa M-Pesa. Tatizo ni kwamba harambee huja mara moja, na ugonjwa huu hauna mwisho wa mwezi. Ukambani wana mfano bora zaidi: vikundi vya mwethya, vilivyochimba matuta ya kuzuia mmomonyoko kwa zamu, shamba hili leo, lile kesho. Mchango mdogo wa kila mwezi, wenye mweka hazina na daftari, utamfaa mgonjwa kuliko mkutano mmoja mkubwa wenye hotuba. Na shilingi za kwanza ziende SHA. Kwa wasioajiriwa mchango wa chini ni 300 kwa mwezi, lakini umekuwa ukidaiwa wa mwaka mzima kwa mkupuo, 3,600. Nyumba ikishindwa hapo, hata mashine haitawashwa.