KING'ORA KIKILIA, NANI AWACHUKUE WATOTO?

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Aprili 1986, saa 7 na dakika 23, kinu namba 4 cha umeme wa nyuklia huko Chernobyl, Ukraine, kilipasuka. Mji wa Pripyat, wenye watu wapatao 49,000, ulikuwa kilometa 3 tu kutoka hapo. Kulipopambazuka watoto walikwenda shule kama desturi. Mabasi ya kuwahamisha yalianza kuondoka mchana wa siku ya pili, na watu waliambiwa wachukue vitu vya siku tatu. Hawajarudi kukaa humo hadi leo.

Mionzi haina harufu wala mlio, ndiyo sababu mpango hutengenezwa kabla ya balaa. Katika Afrika Kusini, karibu na mtambo wa Koeberg ulioanza kutoa umeme mwaka 1984, maeneo ya kilometa 5 na kilometa 16 yamekwisha kupimwa kwa ajili hiyo, na ving'ora hujaribiwa. Kenya na Uganda nazo zimetangaza nia ya kujenga mitambo ya namna hii. Basi jambo hili si la ng'ambo tu.

King'ora kikilia, usikimbilie barabarani. Ingia ndani, funga milango na madirisha, zima feni, fungua redio. Aliyekuwa nje avue nguo mlangoni, azifunge katika mfuko, kisha aoge kwa sabuni.

Mama mwenye watoto wadogo ajihadhari hasa na maziwa mabichi. Ng'ombe hula nyasi zilizoangukiwa na iodini yenye mionzi, nayo hukusanyika katika tezi ya shingo ya mtoto. Baada ya Chernobyl, maelfu ya watu waliokuwa watoto wakati ule walipata saratani ya tezi hiyo. Vidonge vya iodini hukinga tezi hiyo peke yake, tena vikimezwa kwa wakati uliotangazwa.

Lakini kuhamisha watu ovyo nako huua. Huko Fukushima, Japani, mwaka 2011, wagonjwa wazee walisafirishwa saa nyingi bila matunzo. Makumi wakafariki, si kwa mionzi.

Na yule polisi anayeongoza magari njia panda? Mkewe na watoto wamo katika eneo lilo hilo. Mpango usiotaja gari la jamaa zake unamtaka asimame pale na moyo wake uko nyumbani. Kila nyumba ya askari na ikubaliane mapema: ufunguo uko kwa nani, jirani yupi atambeba nani, na watakutana wapi.