Je, Wajua? Nahodha aliyejituma mwenyewe, kutoka Mombasa hadi Kanada

Je, wajua kwamba bendera ya Uingereza ilipepea juu ya Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1824, zaidi ya miaka 70 kabla ya Waingereza kuitangaza Afrika Mashariki kuwa himaya yao? Na wajua ni nani waliotangulia kuipandisha? Si Waingereza. Ni akina Mazrui, watawala wa mji. Waliishona wenyewe. Meli za Seyyid Said wa Oman zilikuwa zimewazingira, nao wakaona heri wajifunike bendera ya mtu ambaye Said hathubutu kumgusa.

Serikali ya London haikuwa na habari. Aliyewaitikia ni nahodha mmoja wa jeshi la wanamaji, William Fitzwilliam Owen, aliyekuwa ametumwa baharini kupima kina cha maji na kuchora ramani, basi. Mengine yote aliyafanya kwa kujituma, na mtindo huo hakuuacha hadi uzeeni.

Je, wajua kwamba alizaliwa nje ya ndoa? Ni Manchester, mwaka 1774. Baba yake, naye mwanamaji, alifia Madras, India, mtoto akiwa na umri wa miaka minne hivi. Akalelewa na rafiki wa baba, mwanamaji vilevile. Kwa hiyo usishangae kwamba mwaka 1788, akiwa na miaka 13, tayari alikuwa ndani ya manowari. Alipofariki mwaka 1857 alikuwa amefika cheo cha makamu wa admirali.

Je, wajua kwamba aliwahi kuwa mfungwa? Wafaransa walimkamata katika Bahari ya Hindi mwaka 1808, wakamweka Mauritius hadi 1810. Kisiwani humo alimkuta Matthew Flinders, yule aliyeizunguka Australia na kuichora. Wachora ramani wawili kifungo kimoja. Ningelipa nauli kusikia walivyobishana.

Je, wajua kwamba mji wa Owen Sound, Kanada, haukuitwa kwa jina lake? Baada ya vita vya Uingereza na Marekani alipelekwa kupima Maziwa Makuu, na ghuba aliyoifikia akaipa jina la kaka yake Edward, admirali.

Sasa tuje kwetu. Je, wajua ramani ya bahari ilichorwaje kabla ya mashine? Kwa kamba. Baharia alisimama ubavuni mwa chombo akarusha bildi, yaani timazi la risasi lililofungwa kwenye kamba yenye alama za pima, akasoma kina, akaita kwa sauti, mwenzake akaandika. Chini ya bildi palikuwa na kitundu kilichojazwa shahamu. Ilipovutwa juu, shahamu ilikuja na kilichonata: mchanga, tope au vipande vya matumbawe. Ikija tupu, ujue chini ni mwamba, na nanga haitashika. Kisha rusha tena. Na tena. Hivyo ndivyo meli za Owen, Leven na Barracouta, zilivyokwenda kati ya 1821 na 1826, zikipima pwani za Afrika, Arabuni na Madagaska. Hesabu inayotajwa ni maili 30,000 za pwani na ramani kama 300.

Na wajua ziligharimu nini? Zaidi ya nusu ya mabaharia walioanza safari ile walikufa, wengi wao kwa homa. Pigo baya la mwanzo liliwapata Delagoa, ghuba ilipo Maputo ya leo, walipopandisha mashua mitoni na kulala huko. Hakuna aliyejua kwamba kosa ni la mbu. Hilo lilithibitishwa mwaka 1897.

Turudi Mombasa. Je, wajua kwamba miezi miwili hivi kabla ya Owen kufika, meli yake ya pili ilikuwa imeshapita hapo, Mazrui wakaomba ulinzi, na kapteni wake, Vidal, akakataa kwa kuwa hana amri? Vidal alijibu kama mtumishi wa serikali. Owen alipoingia Februari 1824 naye hakuwa na amri yoyote, lakini alichukia biashara ya watumwa kwa dhati, tena aliamini kwamba Mungu ameitenga pwani hii kwa ajili ya Waingereza. Mtu mwenye imani hizo mbili hangoji barua. Mkataba ukaandikwa: Uingereza iwarudishie Mazrui milki zao za zamani, pakiwemo Pemba, mwakilishi wa Uingereza akae mjini, ushuru wa forodha ugawanywe nusu kwa nusu, na biashara ya watumwa Mombasa ikome.

Usome tena mkataba huo uone nani kaahidi nini. Mazrui walitoa vitu vilivyokuwa mkononi mwao: nusu ya ushuru na biashara ya watumwa ya mji. Owen alitoa Pemba, ambayo hakuwa nayo, kwa niaba ya mfalme ambaye hakuulizwa.

Je, wajua himaya hiyo ilikabidhiwa kwa nani? Kwa Luteni John James Reitz, kijana wa miaka ishirini na kitu kutoka Rasi ya Tumaini Jema, akiachiwa ofisa mwanafunzi mmoja na askari na mabaharia wa kuhesabika kwa vidole. Owen akatweka matanga, akaenda zake. Kabla ya Mei kwisha, Reitz alikuwa marehemu, kauawa na homa aliyoipata katika safari ya kuelekea Pangani. Kila anayetaja Port Reitz, Mombasa, awe dereva wa matatu au mgonjwa aendaye hospitali ya huko, anamtaja kijana huyo. Yule ofisa mwanafunzi akabaki na mji mzima mkononi hadi Agosti, alipofika Luteni James Emery.

Emery alikaa karibu miaka miwili, akiumwa homa mara kwa mara na kugombana na wenyeji juu ya ushuru. Na wenyeji walikuwa na haki yao. Pemba iko wapi? Nusu ya ushuru inatoka, meli za kivita za kuwasaidia haziji. Wala London haikutaka kumuudhi Seyyid Said, rafiki yake, kwa ajili ya mkataba wa nahodha mmoja. Julai 1826 bendera ikateremshwa, Emery akaondoka. Said akaanza tena kuishambulia Mombasa, na mwaka 1837 Mazrui wakaangushwa, wakubwa wao wakakamatwa na kupelekwa uhamishoni. Katika Mji wa Kale leo kuna nyumba inayoitwa Leven House, na chini yake ngazi ziendazo majini zenye jina hilohilo la meli ya Owen.

Je, wajua kwamba Malabo, mji ulioko kisiwani Bioko huko Ginekweta, nao ulianza kwa mkono wake? Mwaka 1827 Uingereza ilimpeleka huko kujenga kituo cha kuwasaka wafanyabiashara wa watumwa. Safari hiyo, angalau, alitumwa.

Je, wajua alikomea wapi? Kisiwa cha Campobello, mlangoni mwa Ghuba ya Fundy, mkoa wa New Brunswick, Kanada. Baba yake alipewa kisiwa hicho na serikali mwaka 1767, yeye pamoja na wapwa zake. Owen alizinunua haki za warithi wengine, na mwaka 1835 akahamia na mkewe na binti zao wawili. Watu wa kisiwani walikuwa wavuvi na wakata miti. Mzee akajipa kazi. Mchungaji hakuna? Ibada aliiongoza yeye. Kesi? Hakimu ni yeye. Wachumba wamekubaliana? Aliwafungisha ndoa. Akaketi katika baraza la kutunga sheria la mkoa, akaandika kitabu cha mijadala ya dini, na katikati ya hayo yote, kati ya 1842 na 1847, akarudi baharini kupima Ghuba ya Fundy, ambako maji hupwa na kujaa kuliko popote duniani. Alikuwa ameshavuka miaka 70 alipoimaliza.

Kumwita mtu huyu mfanyakazi wa kujitolea ni haki, ila tukumbuke kwamba wavuvi aliowasomea sala walikuwa wapangaji wake. Kisiwa kizima kilikuwa mali yake, na ni vigumu kumwambia mwenye nyumba kwamba mahubiri yake ni marefu. Husimuliwa kwamba mbele ya nyumba yake alijenga sitaha kama ya meli, akawa akitembea huku na huko juu yake amevaa sare kamili za admirali. Katika maisha ya nchi kavu hakuacha kuwa nahodha.

Je, wajua kwamba kisiwa hichohicho ndicho Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alikopatwa na polio mwaka 1921? Warithi wa Owen walikiuza mwaka 1881 kwa wafanyabiashara wa Kimarekani, na wazazi wa Roosevelt wakanunua kiwanja huko miaka miwili baadaye. Na wajua kwamba Campobello ni ardhi ya Kanada, lakini daraja lake, lililofunguliwa 1962, linakwenda Marekani? Mkazi akitaka kufika kwa barabara sehemu nyingine ya nchi yake, sharti apite nchi ya watu kwanza.

Mimi nikiulizwa Owen akumbukwe kwa lipi, siutaji mkataba wa Mombasa, uliowaacha Mazrui na adui yuleyule, safari hii mwenye hasira zaidi. Nataja zile ramani, kazi pekee ya pwani hii aliyoagizwa kuifanya. Nazo nazipa jina la mabaharia waliokuwa wakirusha bildi, ambao wengi wao hawakurudi kwao.