Joto katika gari dogo la spoti: Tafuta mlango linakoingilia kabla ya kulipia kiyoyozi

Na MWANDISHI WETU

MIEZI ya Februari na Machi kabla ya mvua za masika, na ile ya Septemba na Oktoba kabla ya mvua za vuli, si miezi ya mzaha kwa madereva wa kaunti za Kitui na Makueni. Mchana kipimajoto hupita nyuzi 30, upepo huwa mkavu, na gari lililoegeshwa juani mjini Wote au Mwingi kwa saa moja tu hugeuka tanuri.

Kilio hicho huwa kikubwa zaidi kwa wenye magari madogo ya spoti, yale ya viti viwili yaliyoinama karibu na ardhi, mfano wa Mazda MX-5, ambayo baadhi ya Wakenya huyanunua yakiwa yametumika Japani. Mwenye gari la aina hiyo anapozidiwa, jambo la kwanza analolikimbilia ni kiyoyozi. Hujaza gesi mpya, akalipa, na baada ya siku chache akajikuta miguu ingali inaungua.

Sababu ni kwamba mara nyingi tatizo si upungufu wa baridi. Tatizo ni joto linaloingia mahali ambapo halikupaswa kupita. Na jambo ambalo madereva wachache hulitilia maanani ni kwamba tundu linalopitisha joto la injini linaweza pia kupitisha moshi wake wenye sumu. Kwa hiyo suala hili si la starehe pekee. Ni suala la uhai.

Kwa nini gari dogo?

Chumba cha gari la spoti kina hewa kidogo, na hewa kidogo hupata moto upesi. Kioo chake cha mbele kimelala, hivyo jua la utosini hulipiga dashibodi moja kwa moja. Dereva ameketi chini, miguu yake ikiwa imenyooshwa kuelekea injini, na katikati ya viti viwili kuna mfereji wa bati unaofunika giaboksi. Chini ya sakafu hiyo hiyo hupita bomba la ekzosi. Kwa ufupi, dereva amezungukwa.

Ukambani si mgeni wa magari ya namna hii. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, kwa miaka mingi yalipitia barabara za vumbi za eneo hili. Gari la viti viwili la Datsun 240Z lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Lilikuwa na injini ya silinda sita mbele ya miguu ya dereva, giaboksi pembeni mwa goti lake na kioo kipana kilicholala nyuma ya kichwa chake.

Magari mengi ya mbio za namna hiyo hutobolewa tundu la kuingizia hewa juu ya paa, mbali na vumbi na mbali na joto la injini. Hewa hiyo humpoza dereva na pia husukuma vumbi lisiingie kwenye nyufa. Mwenye gari la kawaida hana haja ya kutoboa paa, lakini funzo lipo: chagua hewa inakoingilia, nawe uzibe kwingine kote.

Mteremko kutoka Nairobi nao huchangia. Jiji hilo liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali Makindu iko karibu mita 1,000, na Mtito Andei iko chini zaidi. Kwa kawaida hewa huongezeka joto kwa takriban nyuzi sita kwa kila mita 1,000 mtu anazoteremka. Ndiyo maana gari lililokuwa tulivu Nairobi huanza kufichua kasoro zake likifika Emali, na likipita Kibwezi huwa halina siri tena.

Mlango wa kwanza: Jua

Miale ya jua hupenya kioo kwa urahisi na kupasha moto dashibodi, viti na usukani. Vitu hivyo navyo hutoa joto la aina nyingine, ambalo kioo hakiliruhusu kutoka kwa wepesi ule ule. Joto huingia, lakini njia ya kurudi ni finyu.

Utafiti uliofanywa katika jimbo la Arizona, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2018 unaonyesha ukubwa wa jambo hili. Baada ya saa moja juani, hewa ndani ya magari ilifikia wastani wa nyuzi 47, usukani nyuzi 53 na dashibodi nyuzi 69. Magari yaliyokuwa kivulini yalifikia nyuzi 38 ndani, na dashibodi zake nyuzi 48. Gari dogo lilipata moto upesi kuliko kubwa.

Tiba ya kwanza, basi, haina gharama: kivuli. Kitui na Makueni zina mikwaju, miembe na mibuyu ya kutosha, ingawa mwenye busara hataegesha chini ya mwembe wakati maembe yameiva. Palipokosekana mti, kinga ya kung'aa iwekwe kwenye kioo cha mbele, upande unaong'aa ukitazama nje. Ikiwezekana kufunika kioo kwa nje ni bora zaidi, kwa kuwa jua huzuiwa kabla halijapenya. Kioo cha nyuma kisisahauliwe, hasa kwa magari ambayo kioo hicho kimelala.

Rangi nayo ina uzito. Watafiti wa California, Marekani, mwaka 2011 waliweka juani magari mawili yanayofanana, moja jeusi na jingine la rangi ya fedha. Paa la jeusi lilikuwa na joto zaidi kwa hadi nyuzi 25, na hewa ndani yake ilizidi kwa nyuzi tano au sita. Anayenunua gari la kuishi nalo Kitui na alikumbuke hilo kabla ya kuvutiwa na weusi unaometameta. Wenye magari ya paa la turubai jeusi nao wajue kwamba likiwa limefungwa hufyonza joto, na likiwa wazi humwacha dereva mikononi mwa jua lenyewe.

Kuhusu karatasi za kubandika vioo, giza si kipimo cha ubora. Zipo karatasi angavu zinazozuia sehemu kubwa ya miale ya joto, na zipo nyeusi ti ambazo huficha sura ya abiria kuliko zinavyozuia joto. Kioo cha mbele kibaki angavu kwa usalama wa usiku. Magari ya uchukuzi wa abiria hayaruhusiwi kisheria kuwa na vioo vyeusi.

Mlango wa pili: Injini na ekzosi

Kuna njia rahisi ya kubaini iwapo adui ni jua au injini. Endesha gari usiku au alfajiri, hita ikiwa imezimwa, kwa muda wa nusu saa. Iwapo miguu ingali inapata moto na mfereji wa katikati haugusiki, jua halina hatia. Joto hilo linatoka chini ya boneti au chini ya sakafu.

Jaribio la pili lahitaji kurunzi na giza. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, mtu mmoja amulike ndani ya boneti akielekeza mwanga kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na abiria. Mwingine aketi ndani, ainame chini ya dashibodi na kutazama. Kila nukta ya mwanga anayoiona ni tundu. Mara nyingi ni mahali ambapo fundi alipitisha waya wa redio au king'ora akasahau kurudisha mpira wa kuziba.

Mahali pengine pa kukagua ni shina la gia. Chini ya ngozi inayoonekana kuna mpira unaozuia hewa ya giaboksi isipande. Mpira huu hupasuka kadiri gari linavyozeeka, na kwenye magari ya aina ya MX-5 ni chanzo kinachojulikana sana cha joto la katikati. Kuubadilisha ni kazi ndogo ikilinganishwa na kufumua kiyoyozi.

Kisha gari lipandishwe, fundi atazame ekzosi. Magari mengi hutoka kiwandani yakiwa na mabati membamba ya kukinga joto kati ya bomba na sakafu. Kwenye barabara za changarawe za kuelekea Zombe au Kyuso, mabati haya hupigwa mawe, hulegea na kuanza kulia. Fundi asiye makini huyang'oa na kuyatupa ili kumaliza kelele. Kelele huisha, na joto huanza. Yarudishwe, yakazwe, na pabaki nafasi ya hewa kati yake na bomba.

Ikiwa yote hayo yamefanywa na joto bado lipo, ndipo mwenye gari aweze kutandika chini ya kapeti mkeka wa kuzuia joto wenye uso wa alumini, uliotengenezwa kwa kazi ya magari. Asithubutu kutumia sponji ya godoro au matambara. Vitu hivyo hushika moto, na karibu na ekzosi kuna joto la mamia ya nyuzi.

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Ekzosi inayovuja karibu na tundu la sakafu huingiza hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gari lenye mlango wa kioo nyuma lina hatari nyingine: linapokwenda kasi, hewa iliyo nyuma yake huvuta moshi na kuurudisha ndani iwapo mpira wa mlango huo umechoka. Dereva anayepata maumivu ya kichwa, kichefuchefu au usingizi usio wa kawaida kila anapoendesha, kisha akapata nafuu anaposhuka, asilaumu jua. Afungue vioo, asimame, na gari lisitumiwe hadi ekzosi ikaguliwe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili gharama yaweza kuwa maisha.

Mlango wa tatu: Hita

Hita ya gari ni rejeta ndogo iliyojificha ndani ya dashibodi, inayopitiwa na maji ya injini yenye joto la karibu nyuzi 90. Katika baadhi ya magari kuna vali ya kuyazuia maji hayo. Katika mengine maji hupita daima na kifuniko ndicho huzuia hewa. Vali ikivuja au kifuniko kikikwama, dereva huwasha kiyoyozi na hita kwa pamoja bila kujua, akalipa petroli ili vitu viwili vishindane.

Kwa gari lenye vali, gusa kwa uangalifu mabomba mawili ya mpira yanayoingia kwenye ukuta wa bati, injini ikiwa na moto na hita imefungwa. Yote mawili yakiwa ya moto, vali haifungi. Wapo wanaoyaunganisha mabomba hayo ili maji yasifike ndani kabisa. Hilo huondoa joto, lakini pia huondoa uwezo wa kufuta ukungu kwenye kioo asubuhi za baridi za Julai.

Zipo pia dawa za uongo. Kung'oa thamostati hakupozi chumba cha abiria; huifanya injini ikose joto lake linalofaa. Kutia maji matupu kwenye rejeta huleta kutu inayoziba njia, na mwisho wake ni injini kuchemka kwenye mlima.

Kiyoyozi mwisho

Baada ya milango kufungwa, kiyoyozi kidogo huweza kufanya kazi kubwa. Unapoingia kwenye gari lililokuwa juani, fungua vioo na uendeshe dakika moja au mbili ili hewa ya moto itoke. Kisha funga, washa kiyoyozi, na ubonyeze kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani badala ya kuvuta ya nje. Vumbi la Ukambani huziba filta ya hewa na kondensa iliyo mbele ya rejeta. Visafishwe kabla ya kununua gesi. Gesi isiyo na pa kuvuja haiishi, hivyo anayejaza kila msimu ana tundu la kuziba.

Asiye na kiyoyozi ana msaada mmoja ambao mkazi wa Mombasa hana. Hewa ya Kitui wakati wa kiangazi ni kavu, na maji hukauka upesi ndani yake. Leso iliyoloweshwa na kuwekwa shingoni hupoza mwili kweli, ilhali katika unyevunyevu wa pwani nguvu yake hupungua.

La mwisho halihusu fundi wala spea. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba joto ndani ya gari lililofungwa hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 kwa saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo, asilimia 80, hutokea katika dakika 30 za kwanza. Kuacha kioo wazi kidogo hakukusaidia sana. Mwili wa mtoto hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima. Kwa hiyo hakuna safari fupi ya dukani, iwe Kibwezi au Kitui mjini, inayoruhusu mtoto kuachwa garini, hata gari likiwa jeupe, hata likiwa chini ya mti. Kivuli husogea, na mama au baba aliye kwenye foleni dukani hakioni kikisogea.