Ekzosi ya Gari la Tabo: Panua Bomba, Usitupe Sailensa

Ndugu wananchi wa Namoto, Quionga, Palma na vijiji vyote vya kingo za Mto Ruvuma, katika toleo hili tunazungumza nanyi juu ya jambo linalodhaniwa kuwa la gereji peke yake, kumbe linagusa usalama wa kijiji kizima. Jambo hilo ni kubadilisha bomba la kutolea moshi, yaani ekzosi, katika magari ya zamani yenye tabo.

Magari ya namna hiyo tunayo. Ni zile Toyota Hilux Surf na Prado za miaka ya 1990 zenye injini ya dizeli ya lita 3, ni Mitsubishi Pajero za umri huohuo, na mara mojamoja ni gari dogo la petroli lenye nguvu kuliko umbo lake. Upepo wa chumvi unaotoka baharini hula chuma, na mchanga na matuta ya njia zetu humalizia kilichobaki. Hivyo hufika siku ambayo mwenye gari hana budi kuweka ekzosi mpya, na fundi humshauri aongeze upana wa bomba ili gari lipate nguvu. Hatukusudii kumzuia mtu kutengeneza gari lake. Tunakusudia kueleza kazi hii inavyofanyika vizuri, na kwa nini katika eneo letu sailensa haipaswi kuondolewa.

Namna tabo inavyofanya kazi

Tabo ina magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa katika mhimili mmoja. Gurudumu la kwanza husukumwa na moshi unaotoka kwenye injini, nalo la pili, kwa kuzunguka pamoja na la kwanza, hushindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua vizuri, na nguvu huongezeka. Mhimili huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja.

Basi moshi ukishapita kwenye tabo unahitaji njia nyeupe ya kutokea. Bomba likiwa jembamba, limebonyea au limeziba kwa masizi, moshi hurudisha shinikizo nyuma na tabo huchelewa kushika kasi. Hii ndiyo sababu bomba pana kiasi husaidia gari la tabo. Kwa injini ya lita 3, mafundi wengi huweka bomba la inchi 2.5 hadi 3. Kupita hapo ni kuongeza gharama na uzito bila faida ya maana.

Wengi hawafahamu kwamba faida hiyo hutokana na upana wa bomba na mikunjo isiyo mikali, wala haitokani na kelele. Sailensa iliyo wazi katikati, yenye tundu lenye upana uleule wa bomba, hupitisha moshi vizuri na bado hupunguza sauti. Tena, tabo yenyewe humeza sehemu ya mlio wa injini, kwa kuwa hutumia nguvu ya moshi ule. Kwa sababu hiyo baadhi ya watu hudhani sailensa haina kazi, wakaikata. Mlio unaowapendeza si nguvu iliyoongezeka.

Kelele hii ina uzito gani kwetu

Katika gari la petroli, mafuta yasiyoungua yakifika ndani ya bomba lenye joto kali huwaka humo kwa mshindo. Hutokea pale plagi zinapokuwa mbovu au pale majira ya kuchoma mafuta yanapokuwa yamechelewa. Wapo pia wanaolirekebisha gari kwa makusudi ili litoe mishindo hiyo. Sailensa ikiwepo, mshindo hufifia. Sailensa ikiondolewa, mshindo husikika mbali kama mlio wa bunduki. Gari la dizeli ni nadra kutoa mishindo ya aina hiyo, lakini bomba lake likiwa tupu hunguruma kiasi cha kuamsha kijiji.

Kwingineko jambo hili lingeitwa kero. Kwetu ni zaidi ya kero. Tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya Oktoba 2017, na baadaye yale ya Palma ya Machi 2021, familia nyingi za pwani hii zimejifunza kuishi zikitega masikio. Mlio wa usiku ni habari. Ukisikika, mama hubeba mtoto na kuelekea porini, mgonjwa huinuliwa kitandani, mtu huingia mtoni bila kuangalia maji. Hatumlaumu hata mmoja anayekimbia, kwani kukimbia kumeokoa maisha.

Madhara ya ekzosi tupu yako ya namna mbili. La kwanza ni watu kukimbia bure, wakaumia njiani na kuacha nyumba wazi. La pili ndilo zito zaidi: watu kuzoea. Kijiji kikisikia mishindo ya gari kila wiki, mwishowe watu watasema, "Ni gari la fulani," hata siku ambayo si gari. Sikio la mwananchi ni mlinzi wa kwanza wa mpaka huu, nasi polisi tunalitegemea. Anayelichosha sikio hilo kwa ajili ya fahari ya gari lake anatupunguzia sote ulinzi.

Kazi nzuri ya ekzosi

Kwanza, chunguza ugonjwa kabla ya kununua dawa. Moshi mweusi kwenye dizeli huonyesha mafuta kuzidi hewa, wa buluu huonyesha oili inaungua, na mweupe usiokoma huweza kuonyesha maji yanaingia ndani ya injini au dizeli haiungui. Tabo iliyochoka ikivujisha oili, bomba jipya halitaiponya.

Pili, acha kipande kinachonyumbulika karibu na tabo, na ning'iniza bomba kwa mipira yake. Injini hutikisika. Bomba likichomelewa likawa kitu kimoja kigumu, mtikisiko huo huhamia kwenye tabo na kupasua chuma chake.

Tatu, usitumie bomba la maji lililopakwa zinki. Likichomelewa hutoa mvuke unaomdhuru fundi. Chuma kisichoshika kutu ni ghali, lakini katika hewa yetu ya chumvi hudumu zaidi.

Nne, usiongeze mafuta kwa pupa. Mafundi wengine, baada ya kupanua bomba, hufungua skrubu ya pampu ili dizeli iingie kwa wingi. Moshi mweusi hutanda, joto hupanda, na pistoni huweza kuyeyuka. Katika gari la petroli, bomba pana huweza kulifanya shinikizo la tabo lipite kiwango, kwa hiyo funga geji ya shinikizo na uitazame.

Tano, hakikisha hakuna mahali panapovuja. Moshi wa gari una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua. Abiria wa chapa au wa nyuma ya gari lililofunikwa turubai wakianza kuumwa kichwa, kusikia kichefuchefu na kusinzia, simamisha gari, wateremshe wapate hewa safi na uwapeleke kituo cha afya. Bomba lazima limwage moshi nje kabisa, nyuma ya gari au ubavuni.

Sita, kumbuka moto. Gari la tabo likivuta mzigo, moshi wake karibu na injini hupita nyuzi 600 za Selsiasi, na nyasi kavu hushika moto kwa joto lililo chini sana ya hilo. Wakati wa kiangazi usiegeshe gari juu ya majani, chini ya mikorosho au ubavuni mwa nyumba ya makuti. Rudisha pia bati la kukinga joto ambalo fundi alilitoa. Baada ya safari ndefu, iache injini ingurume polepole dakika moja au mbili kabla ya kuizima, ili oili iipoze tabo.

Sheria na ujirani mwema

Kanuni ya Barabara ya mwaka 2011, tuijuayo kwa jina la Código da Estrada, inataka mabadiliko ya tabia za gari lililosajiliwa yaidhinishwe. Kubadilisha ekzosi iliyooza kwa nyingine ya namna ileile ni matengenezo ya kawaida. Ukitaka kubadilisha zaidi ya hapo, uliza kwanza katika ofisi ya INATRO ya mkoa, uwe na livrete yako mkononi. Wanaovuka kwenda Kilambo na Mtwara wakumbuke kwamba Tanzania nayo ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo, za mwaka 2015. Ukisimamishwa na askari wetu una haki ya kuelezwa kosa lako, na ukitozwa faini, dai risiti.

Kwenu mafundi tuna ombi. Mkitaka kulijaribu gari, lijaribuni mchana, mbali na shule na kituo cha afya, na baada ya kumwarifu kiongozi wa mtaa. Mteja akitaka sailensa ikatwe, mwambieni wazi kwamba hatapata nguvu zaidi ya ile itakayoletwa na sailensa iliyo wazi katikati.

Kwenu nyote wananchi: mkisikia mshindo msioujua, jilindeni kwanza, kisha toeni taarifa kwenye kituo cha polisi kilicho karibu, mkieleza saa, upande uliotoka na mara ngapi umesikika. Ikibainika kuwa lilikuwa gari, hakuna atakayewacheka. Tutamtafuta mwenye gari hilo na kuzungumza naye.