Folda ya pamoja ikigoma, usikimbilie kuvunja mlango

Siku hizi si ajabu kuingia ofisi ndogo mjini Isiolo, au hapa kwetu Pwani, ukakuta kompyuta tatu za mifumo mitatu. Moja ina Windows 11, ya pili imebaki na Windows 10, na ile kuukuu ya pembeni imetiwa Linux. Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani haziwezi kupanda hadi Windows 11. Kununua mpya ni gharama, basi fundi hushauri Linux, kwa kuwa ni bure. Kazi huenda vizuri mpaka karani atake kufungua folda iliyoko kwenye mashine ya mwenzake, nayo ikagoma.

Hapo ndipo tunapoponzwa na haraka. Fundi huzima faiwoli, huruhusu kila mtu aingie bila nenosiri, na wakati mwingine huirudisha njia ya kale ya mawasiliano iliyokwisha kuachwa. Folda inafunguka, watu wanashukuru, fundi analipwa. Lakini tujiulize mna nini ndani ya folda ile. Mna nakala za vitambulisho, fomu za basari, barua za hospitali na namba za simu za watu walioziacha pale kwa kutuamini. Hiyo ni amana, na amana haiachwi mlango wazi.

Tuanze na kuelewa kinachotokea. Isiolo ni mji wa Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru. Nyumbani kila mmoja ana lugha yake, lakini sokoni wanaelewana kwa Kiswahili. Kompyuta nazo ni hivyo hivyo. Windows na Linux hukutana katika lugha moja ya kupashana mafaili iitwayo SMB. Linux huizungumza kupitia programu ya Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Lugha hiyo ina lahaja zake. Ya kale, SMB1, ndiyo iliyopitiwa na kirusi cha WannaCry mwezi Mei 2017, kikafunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Tangu Oktoba mwaka huo Windows mpya ikaacha kuiweka SMB1 kwa kawaida, na Samba ikafuata mwaka 2019. Kwa hivyo mashine mbili zikikataa kuelewana, huenda moja ingali kwenye lahaja ya zamani. Dawa ni kuisasisha hiyo ya zamani, si kuirudisha mpya nyuma.

Sasa tuseme folda iko kwenye Linux, na wewe uko kwenye Windows. Jiulize maswali manne, kwa mpangilio huu.

La kwanza: je, njia ipo? Mara nyingi kompyuta moja iko kwenye ruta ya ofisi, na nyingine imeunganishwa na simu ya mtu. Hizo haziwezi kuonana. Wi-Fi ya wageni nayo hutenganisha vifaa makusudi. Kwenye Linux andika hostname -I upate anwani yake, tuseme 192.168.1.20. Kwenye Windows fungua Command Prompt uandike ping 192.168.1.20. Ikijibu, njia ipo. Isipojibu, usiguse nenosiri wala folda. Tengeneza mtandao kwanza.

La pili: je, mlango ni huu? Usitegemee ile orodha ya kompyuta inayojitokeza upande wa Network. Orodha ya zamani ilitegemea SMB1, na mashine ya Linux inaweza kukosekana humo ilhali iko hai. Andika anwani mwenyewe pale juu kwenye dirisha la mafaili: \\192.168.1.20\barua. Ikifunguka kwa namba lakini si kwa jina, tatizo ni jina tu. Na kwa kuwa stima ikipotea ruta inaweza kugawa namba upya, iambie iitengee mashine hiyo namba moja ya kudumu.

Ukiona kosa la 0x80070035, maana yake njia ya kufika kwenye folda haikupatikana. Kubadilisha nenosiri hakutakusaidia hapo. Hakikisha Samba inafanya kazi, kisha tazama faiwoli. Kwenye Linux ya Ubuntu, kama faiwoli imewashwa, amri ya sudo ufw allow Samba huifungulia Samba peke yake. Ikiwa folda iko upande wa Windows, mtandao wa ofisi uwekwe "Private", usiwe "Public". Hakuna haja ya kuzima mlinzi mzima kwa sababu ya mgeni mmoja.

La tatu: je, ufunguo ni sahihi? Hapa wengi hukwama. Samba ina daftari lake la nenosiri, tofauti na lile la kuingilia Linux. Mtumiaji aitwaye karani lazima aandikishwe kwa sudo smbpasswd -a karani. Windows nayo hukumbuka nenosiri la zamani na kulituma kimya kimya. Lifute kwenye Credential Manager, ujaribu tena. Na kama folda iko kwenye Windows, ile PIN ya kuwashia kompyuta haifai. Panahitajika nenosiri la akaunti yenyewe. Ukiambiwa kwamba mgeni asiyejitambulisha amezuiwa, usitafute namna ya kumruhusu. Mpe kila mfanyakazi jina lake na nenosiri lake.

La nne: ukishaingia, unaruhusiwa kufanya nini? Ukiweza kusoma lakini huwezi kuhifadhi, tatizo ni ruhusa. Ziko mbili: ya folda ilivyoshirikishwa, na ya folda yenyewe ndani ya mashine. Iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Tangu Ubuntu 21.04, folda ya nyumbani ya mtumiaji mpya imefungwa kwa wengine, basi ya pamoja iweke kwingine, kwa mfano /srv/barua, na uwape ruhusa wale wanaohusika tu.

Majina ya mafaili nayo yana visa. Linux hukubali faili liitwe "Barua: mkutano?", lakini Windows haitaki nukta pacha wala alama ya kuuliza, na jina litatokea limevurugika. Tumieni herufi, tarakimu na kistari tu.

Iko pia mashine ya kopi inayoskani moja kwa moja hadi kwenye folda. Baadhi ya za zamani zinajua SMB1 peke yake. Ni afadhali iskani kwenye flashi, ikiwa ina nafasi yake, kuliko kuirudishia ofisi nzima lahaja iliyoleta maafa.

Haya si mambo ya mafundi pekee. Ibara ya 31 ya Katiba inampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Mama aliyekuja na nakala ya kitambulisho chake kutafutia mwanawe basari hajui SMB ni nini, wala hahitaji kujua. Siku fundi akisema amemaliza, muulize maswali mawili: umefungua nini, na nani mwingine anaweza kuingia? Akishindwa kujibu, kazi haijaisha.